Ini la Kugawana

Tarehe 4 Machi
Daktari kaniambia niandike kila ninachokula. Haya, naandika. Asubuhi: chai isiyo na sukari, nusu nimeimwaga uani. Mchana: maharage na mboga za majani. Jioni: yai moja na hasira.

Mvua imeanza leo.

Tarehe 5 Machi
Nimesoma nilichoandika jana nikacheka peke yangu. Daftari lote hili kwa ajili ya yai? Acha nieleze vizuri, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mdogo wangu ini lake limekwisha. Limejaa makovu, halisafishi tena damu, na tumbo lake linavimba maji ilhali mikono imebaki mifupa. Marehemu baba alimwita Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake, na jina likamganda mpaka leo ana miaka arobaini na ushee. Kinachoweza kumwokoa ni kipande cha ini la mtu mzima wa afya ambaye damu yake inakubaliana na ya mgonjwa. Yangu imekubali. Vipimo vyote vimekubali. Kilichokataa ni ini lenyewe.

Daktari wa ini ni mwanamama mfupi, mpole, anaongea kama anayembembeleza mtoto alale. Aliniwekea picha kwenye kioo cha kompyuta. "Mama, ini lako lina mafuta mengi mno. Nikilikata hivi lilivyo, kipande hakitamfaa yeye, na kitakachobaki hakitakufaa wewe. Nitawapoteza wote wawili."

Nikamwambia mimi silewi, sivuti, na vyakula vya kukaanga navila mara moja moja tu. Hayo mafuta yameingilia mlango gani?

"Chai yako unatia vijiko vingapi?"

"Vinne. Lakini hiyo si sukari, daktari? Mimi nakuuliza mafuta."

Akavuta kiti akakaa karibu yangu. Akasema ini likipewa sukari kuliko inayohitajika, ile ya ziada haliitupi, linaigeuza mafuta na kuyaweka akiba. Na kila ninapokula kitamu, mwili unamwaga insulini, na insulini ikiwa juu inafunga milango ya maghala ya mafuta, hakuna kinachotoka. Mtu wa kuonjaonja kutwa nzima kama mimi, biskuti hapa, soda pale, milango yake haifunguki hata saa moja. Na ghala likishajaa, mafuta hutafuta pa kukaa: kwenye ini, kwenye misuli, mpaka mwili unakuwa sugu, hausikii tena insulini, na hapo ndipo kisukari kinapopiga hodi.

"Yanatoka?" nikauliza.

"Yanatoka, tena ini ni kiungo chenye shukrani. Ila ndugu yako hawezi kusubiri sana. Nakupa mpaka mvua ziishe. Mwisho wa Mei tunapiga picha tena. Likiwa safi, tunapasua. Lisipokuwa safi, sina mtu mwingine."

Ndiyo hivyo. Nina mvua moja.

Tarehe 6 Machi
Samaki, mboga, yai. Kichwa kinaniuma kwa kukosa sukari. Nimemfokea mteja kwa sababu ya kifungo.

Tarehe 10 Machi
Duka halina sauti. Ni chumba kimoja chenye meza ndefu ya kukatia na cherehani mbili, alichotuachia baba. Mimi nakata, Sindano anashona. Tumefanya hivyo tangu vijana, na watu wa mtaani wanajua kwamba mimi sigusi cherehani na yeye hagusi mkasi. Mishono ikikataa kukutana, ananyanyua nguo juu, wateja wote wasikie, anauliza, "Nani kakata hii?" Namjibu, "Mkato wangu hauna kasoro, wewe ndiye hujui kushona." Ndiyo mchezo wetu. Kuna wateja walikuwa wanakuja kuusikia tu.

Sasa nakata, nafunga vipande kwa uzi, naweka rafuni. Kuna mabunda hata sijui mangapi. Nimeshauriwa nitafute fundi mwingine wa kushonea. Nimekataa. Atakayeyashona ni yeye.

Leo jirani yangu, fundi viatu, kaingia kujikinga na mvua, akaanza: "Pole sana dada. Lakini hii pombe jamani, inatumalizia vijana."

"Pombe ya nani?"

"Si nasikia ini..."

"Sindano hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe! Ni mafuta, umesikia? Mafuta ya ini. Na wewe na hicho kitambi chako na hiyo soda mkononi, kapime!"

Aliondoka na mvua yake. Baadaye nilimwonea huruma. Lakini ni kweli, hakunywa pombe. Alikunywa soda. Chupa ya kwanza kabla cherehani haijapata moto, ya mwisho wakati wa kufunga duka. Na kwa kuwa alikuwa mwembamba, hakuna aliyewaza. Tulidhani mafuta yanaonekana kwa nje tu.

Tarehe 15 Machi
Mvua kutwa. Mboga, maharage, kuku asiye na ngozi. Nimepanda ngazi za jengo la posta mara kadhaa. Mlinzi kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Tarehe 21 Machi
Nimeota chai ya mama.

Niliamka mdomo umejaa mate. Tukitoka shule siku kama hizi, mimi na Sindano tulijifunika nailoni moja, mimi nimeshika upande huu na yeye ule, na kwa kuwa alikuwa mdogo nilimvutia yeye sehemu kubwa, mimi ndiye niliyelowa siku zote. Mama alikuwa akitusubiri mlangoni na taulo. Jikoni kulikuwa na joto na harufu ya mkate unaokaangwa. Aliunyunyizia sukari ungali moto, sukari ikayeyuka, akatuwekea sahani moja tugawane. Chai alitutilia mwenyewe. Akishakoroga, aliangalia huku na huku kama mwizi, akaongeza kijiko kimoja. "Hiki cha mapenzi," alisema.

Baba alimkemea, "Utawaharibu hao," naye alicheka.

Mama alikufa kwa kisukari. Walimkata mguu kwanza. Hata akiwa kitandani, nikimletea chai, aliuliza, "Umenitilia cha mapenzi?"

Siwezi kumkasirikia. Nimejaribu leo tangu asubuhi, sijaweza. Kila kitamu nilichokula utotoni nilipewa na mtu aliyenipenda, na leo naambiwa nikitoe mwilini kimoja kimoja. Nalia kama mjinga juu ya meza ya kukatia. Natamani kule jikoni. Sitaki hata chai, nataka kusimama pale mlangoni nikaushwe kichwa.

Tarehe 22 Machi
Mboga. Samaki.

Tarehe 30 Machi
Nimekwenda kumwona Sindano nyumbani kwake. Wifi yangu, mkewe, alikuwa anampimia chakula kwa kikombe. Chumvi hamna. Maji kwa kipimo. Mgonjwa akaomba aongezewe kidogo, mkewe akakataa bila hata kugeuka.

Tangu aolewe, mwanamke huyu nimemwona mkavu. Mama alikuwa anajaza sahani mpaka imwagike, huyu anapima. Nadhani uso wangu ulionyesha.

Sindano akanikonyeza. "Dada, umepungua. Gauni linakuning'inia. Nani kakata hii?"

"Nimekata mwenyewe, umeshona wewe."

Ndivyo ilivyo, kalishona yeye, na ndani ameacha kitambaa cha ziada kwenye kila mshono. Hiyo ni tabia ya baba. Nguo ya mtoto alikuwa hakati kitambaa kinachozidi ndani, anakikunja na kukificha. Mteja akilalamika kitambaa kinapotea, baba alimjibu, "Hakipotei, kinasubiri. Atakua huyu." Sindano anatuachia nafasi hiyo hata sisi watu wazima tusiokua tena isipokuwa kwa upana.

Tarehe 8 Aprili
Kiuno kimepungua! Nimejipima kwa futi yangu ya dukani, na futi yangu haidanganyi. Nusu ya safari hii.

Tarehe 9 Aprili
Nimewaza. Kama kula kidogo kunapunguza, kutokula kutapunguza zaidi. Sindano anazidi kuwa wa manjano machoni. Kwa nini nisubiri Mei? Mimi ni mkataji, najua kitambaa kikizidi unakiondoa kwa mkasi mmoja, hubembelezi.

Tarehe 12 Aprili
Maji. Kikombe cha mboga.

Tarehe 13 Aprili
Maji.

Tarehe 16 Aprili
Maji, nusu yai. Kiuno kimeshuka tena. Mikono inatetemeka, nimekata koti la mtu upande mmoja mfupi. Ngazi nimeziacha, miguu haitaki. Lakini futi inasema ninashinda.

Tarehe 19 Aprili
Maji. Ninashinda.

Tarehe 24 Aprili
Sijashinda kitu.

Nilikwenda kupima damu leo nikitembea kifua mbele. Nilitaka kumshangaza daktari. Nikampa futi yangu, nikamwambia, "Nizungushe kiunoni uone mwenyewe." Hakuizungusha. Alikuwa ameshika majibu ya damu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Umefanya nini, mama?"

Ini langu limechafuka kuliko Machi. Damu inaonyesha linaumia. Nilimwambia haiwezekani, nimepungua, hata wifi ameona, hata mlinzi wa posta ameona.

Akaniuliza nimekula nini. Nikamsomea daftari hili. Maji, maji, nusu yai. Alifumba macho.

Kisha akanieleza, na safari hii nilisikiliza. Nilipoacha kula ghafla, insulini ilianguka na milango ya maghala ikafunguka yote kwa mpigo. Mafuta yakavunjwa yakawa asidi za mafuta, yakamiminika kwenye damu. Asidi hizo ni kuni nzuri, ila lazima ziwe na mahali pa kuchomwa, na mchomaji mkubwa ni misuli inayofanya kazi. Mimi ngazi nimeacha, kutembea nimeacha, na misuli yenyewe nimeanza kuila kwa kukosa nyama na maharage. Basi mafuta yasiyochomwa yalikwenda wapi? Kwenye ini. Kilichotoka kiunoni nimekihamishia palepale nilipotakiwa kukitoa.

"Kiuno ni chako," akasema. "Ini ni la ndugu yako. Umepunguza kisichoniuma, umeongeza kinachoniuma."

Nilimwomba anikate hivihivi. Nilipiga magoti, sioni aibu kuandika. Nikasema kama mmoja lazima afe niache nife mimi, sina mtoto mdogo. Akaniinua kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Mimi sibadilishi maiti kwa maiti. Una mwezi mmoja. Kula. Tembea. Acha nafasi kati ya mlo na mlo, usidokoe katikati, lakini mlo ukifika, kula ushibe."

Niliketi kwenye benchi la korido mpaka mvua ikapungua. Nilikuwa nimejaribu kumwokoa kwa njia ya mkasi, na karibu nimuue. Mungu wangu.

Tarehe 25 Aprili
Wifi kaja dukani. Sijui nani kamwambia. Kaweka vyombo juu ya meza ya kukatia: samaki, maharage, mboga za majani na nusu ya parachichi. Akavuta kigoda cha Sindano akakaa.

"Kula, wifi."

"Nitakula baadaye."

"Utakula nikikuona."

Nikala. Nilikuwa na njaa mpaka machozi yakanitoka, naye alijifanya anaangalia mvua. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenda kupimwa. Kabla yangu. Alikwenda peke yake, hakumwambia mtu. Damu yake ilikataa.

"Niliomba wapime tena," akasema. "Wakapima. Ikakataa tena. Tangu siku hiyo sina cha kumpa isipokuwa kipimo cha chumvi. Najua unaniona mchoyo. Kila akiomba kijiko cha pili nikamnyima, naingia chumbani nalia, narudi."

Miaka yote hii nilimpima mwanamke huyu kwa sahani ya mama. Nikamshika mkono, akaniachia niushike. Tukakaa hivyo mpaka mteja alipoingia.

Tarehe 26 Aprili
Wifi kaleta chakula. Nimekula chote.

Tarehe 27 Aprili
Kaleta. Nimekula. Kapitisha kidole kwenye sahani kuhakikisha!

Tarehe 3 Mei
Fundi viatu sasa anatembea nami kila jioni. Alikwenda kupima kweli, baada ya siku ile nilipomfokea, na sukari yake iko ukingoni. "Uliniapiza, dada," anasema. Tunatembea haraka mpaka tunashindwa kuongea, jambo ambalo kwake ni muujiza. Amenitengenezea viatu vyangu soli mpya, amekataa hata kusikia habari ya malipo.

Nikitembea nawaza zile asidi za mafuta zikiingia kwenye mapaja yangu kuchomwa. Nazisemesha kabisa: twende, mpite huku, huko kwenye ini hakuna kwenu. Fundi viatu anadhani nasali.

Tarehe 8 Mei
Mvua kubwa. Tumetembea ndani ya soko lililofungwa, tukizunguka meza tupu. Samaki, maharage.

Tarehe 14 Mei
Sindano kalazwa. Sumu ambayo ini halikuisafisha imempanda kichwani.

Nilipoingia alikuwa macho lakini hayupo. Alinitazama muda mrefu, uso ukafunguka akatabasamu kama mtoto. "Mama," akasema. "Tumelowa."

Wifi alikuwa upande wa pili wa kitanda. Tukatazamana. Nikachukua taulo lililokuwa kwenye kiti, nikamkausha kichwa kilichokuwa kikavu. Polepole, nyuma ya masikio, kama alivyofanya mama.

"Dada ndiye kalowa zaidi," akasema. "Mpe yeye kwanza."

Alijua! Miaka yote hii alijua kwamba upande wangu wa nailoni haukunitosha. Mimi nilidhani ni mtoto tu, haoni.

Kisha akaomba chai. "Utie cha mapenzi." Nikamwambia nimetia. Wifi akaleta maji kwenye kile kikombe chake cha kupimia, nikamnywesha kijiko kimoja, akalamba midomo akasema tamu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua yote mwilini. Sikutaka mwavuli.

Tarehe 15 Mei
Nimekula. Nimetembea. Sitaandika zaidi.

Tarehe 19 Mei
Dawa zimemzindua. Hakumbuki kitu. Kaniuliza mabunda rafuni yamefika mangapi, nikamwambia usihesabu, utakimbia.

Tarehe 27 Mei
Picha ilikuwa leo. Roho juu tangu jana. Nilivaa gauni lile lile, nikaiacha futi nyumbani.

Daktari alitazama kioo muda mrefu mpaka nikataka kumtikisa. Akaweka picha ya Machi upande mmoja na ya leo upande mwingine. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Ya Machi ilikuwa nyeupe nyeupe, imefifia kama kioo chenye mvuke. Ya leo imetulia.

"Yamebaki kidogo sana," akasema. "Nakata."

Nikamkumbatia. Kimo chake kinaishia begani kwangu, miwani yake ikapinda. Nikamuuliza swali nililokuwa naliogopa: nikishampa hicho kipande, mimi nitabaki nusu mtu? Akasema hapana. Kinachobaki kwangu kitakua, na kitakachokuwa kwake kitakua, miezi michache tu, kila mmoja awe na ini la kutosha. Hakuna kiungo kingine kikubwa kama hicho kinachoweza.

Nilicheka mpaka akashangaa. Nilikuwa namsikia baba. Hakipotei, kinasubiri.

Tarehe 1 Juni
Kesho. Wifi kanisuka nywele zisinisumbue kitandani. Kanivuta mno, nikapiga kelele, akasema nijikaze. Mvua imekatika, ua wa hospitali umekauka. Sindano yuko chumba cha pili, nimeambiwa kalala. Naogopa. Namtaka mama.

Tarehe 11 Juni
Mkono hauna nguvu, nitaandika polepole.

Niliamka na maumivu ambayo sitayaeleza. Wifi alikuwepo. Nikamuuliza kwa macho, akasema yuko hai, ini limeanza kazi palepale mezani, lakini bado hajaamka vizuri. Siku zilizofuata nilikuwa nasikia hivyo hivyo: bado. Jana wamenikubalia kutoka kitandani. Nikamwambia muuguzi nipeleke.

Nilikwenda nimeshika ukuta upande mmoja na wifi upande mwingine. Sindano alikuwa amelala chali, mirija kila mahali. Rangi ya manjano imeanza kumtoka. Nikasogea karibu. Daktari alikuwa anafungua bandeji kuangalia jeraha, mshono mrefu unaokatiza tumbo zima.

Akafumbua macho. Alinitazama mimi, si mama. Kisha akainua kichwa kwa shida, akaangalia tumbo lake. Akauangalia mshono kwa jicho la fundi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini chumba kizima kilisikia.

"Nani kakata hii?"

Muuguzi alidhani amechanganyikiwa tena. Daktari akataka kumjibu. Wifi akamzuia kwa mkono.

Kucheka kunaniumiza kuliko kitu chochote, lakini nilicheka, nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili.

"Mkasi haukuwa wangu," nikamwambia. "Ila kitambaa ni changu."